Mchumba wa Bi Hamira

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa ndani ya gari la mafunzo, jasho linanichuruzika, kidole kimeshabonyeza na ujumbe umeshaondoka. Tangu hapo kila ninayekutana naye ananiuliza nini kilifuata, na wale ambao hawakuwepo tangu mwanzo wananiuliza ujumbe gani na jasho la nini. Ngoja niwapakie na hao waliochelewa, kisha tuondoke, maana safari ya leo haina vituo.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Mwalimu Breki, kwa sababu gari letu lina breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na ya mwalimu ndiyo inayochakaa. Shule ni ya Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, aliyenilea na kunifundisha kazi. Niliwahi kuolewa nikaachika. Mkasa huo mliusoma, na wengine mliucheka, nimewasamehe.

Halafu mwanafunzi mmoja akakosea klachi, akaingiza gari kwenye kibaraza cha duka la mikate. Kabati la vioo likaenda na keki zake. Mwenye kuoka akatoka nyuma, unga hadi kwenye kope, nami nikajiandaa kwa matusi. Yeye akaniuliza kama nimeumia. Ndugu zangu, mwanamke aliyezoea kufokewa akiulizwa kama ameumia, ndiyo basi tena. Huyo ndiye Mwokaji, na ndiye tuliyekubaliana kuoana.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Nilitaka tupime virusi vya Ukimwi kabla ya ndoa, mimi na yeye. Kumfundisha mtu kuondoa gari mlimani naweza hata nikiwa nasinzia. Kumwambia mwanamume ninayempenda twende tukapime, ulimi unakufa ganzi. Nilijaribu, nikaishia kumsifia viatu. Nikajaribu tena, nikamwuliza habari za tanuri, akanieleza tanuri mpaka jua likazama. Na kusema kweli, si yeye tu niliyemwogopea. Yule aliyeniacha hakuwa mtu wa kulala kwake, na miaka yote tangu aondoke sikuwahi kuthubutu kupima.

Ndipo redioni nikasikia habari ya huduma ya simu. Unapiga namba fupi, unaingiza namba ya mtu unayetaka akapime, naye anapelekewa ujumbe usio na jina la aliyeutuma. Nikaona mlango umefunguka. Jumanne ile, mwanafunzi akihangaika kurudi nyuma kati ya madumu mawili, nikapiga ile namba, nikaingia kwenye majina, nikachagua, nikabonyeza.

Simuni mwangu kulikuwa na "Mkate Wangu" na kulikuwa na "Mkate". Mkate Wangu ni yeye. Mkate ni simu ya duka ya kupokea oda, inayokaa mfukoni mwa aproni ya mama yake.

Nilichagua Mkate.

Mama yake watu wanamwita Bi Hamira, kwa kuwa ndiye anayekanda unga wa duka zima, na kwa kuwa akikasirika anaumuka. Ni mjane wa siku nyingi, mfupi, mikono kama ya bondia. Kunipenda alikuwa bado hajaanza. Alikuwa ananichunguza, kama mtu anavyochunguza yai kabla ya kulivunja.

Kesho yake asubuhi simu yangu ikaita. Mkate. Akasema neno moja, njoo, akakata.

Njiani nilitunga uongo wa kila aina. Simu yangu iliibiwa. Simu yangu ilichezewa na mwanafunzi. Simu yangu si yangu. Nikamkuta nyuma ya duka, amekaa juu ya gunia la unga, miwani kwenye ncha ya pua. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitikia. Aliinuka, akafunga mlango kwa komeo, akanipa simu.

"Soma," akasema. "Kwa sauti, lakini sauti ndogo."

Nikasoma. Habari. Mtu anayekupenda anakuomba ukapime virusi vya Ukimwi. Ni siri na ni bure. Fika kituo cha afya kilicho karibu nawe.

"Rudia pale mwanzo."

"Mtu anayekupenda anakuomba..."

"Hapo hapo. Ishia hapo hapo." Akaichukua simu, akaibana kifuani. "Umeona, mwanangu? Nina mtu."

Niliitafuta hasira usoni mwake, sikuipata. Nilichokiona ni mama mtu mzima akijifunika mdomo kwa aproni, akicheka kama msichana aliyerushiwa kikaratasi darasani.

Nilijaribu kumtoa huko. Nikamwambia labda ujumbe wa namna hii wanatumiwa watu wote kwa mkupuo. Akasema hata yeye si mtoto, ameshawauliza wanawake wa mtaa mzima kwa mafumbo, na hakuna aliyepata. Ni yeye peke yake. Halafu akanieleza hesabu yake. Mwanamume mhuni akikutaka anaanza na uzuri wako. Huyu ameanza na afya. Huyo si wa kupita, huyo ana mipango. Marehemu mumewe, akaongeza, katika ndoa yao yote hakuwahi kumwuliza hata kama kichwa kimepona.

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Akaniwahi. Akanishika mkono, mara ya kwanza tangu tujuane, akaniita mkwe wangu.

Mdomo ukajifunga wenyewe.

Akataka tumjibu. Nikasema ujumbe kama huu haujibiwi. Akasema hakuna mtu mwenye adabu asiyejibu salamu, akaniamuru niandike: "Nimekusikia. Wewe ni nani? Kama ni mwenye bucha, basi." Nikaandika, nikatuma, nikijua unakwenda kwenye mtambo. Papo hapo simu ikalia. Mtambo ulikuwa umejibu: "Asante kwa kuwasiliana nasi. Kwa msaada zaidi bonyeza moja."

Bi Hamira akausoma kwa umbali wa mkono mzima. "Ameshukuru," akasema. "Na amesema nasi. Kwa hiyo anaishi na ndugu zake."

Kuanzia siku hiyo duka la mikate likawa sinema. Bi Hamira akasuka nywele. Akavaa hereni zilizokuwa zimelala sandukuni tangu msiba. Manukato aliyojipulizia yakaingia kwenye unga, wateja wakaanza kuuliza keki zina nini. Kila mwanamume aliyekuja kununua mkate akawa mtuhumiwa. Fundi redio aliomba ule mkate laini, akapewa na jicho la pembeni juu yake, kisha nikapigiwa simu katikati ya somo kuelezwa jinsi alivyolitamka neno laini. Mwenye bucha alikohoa dukani, naye akarudishwa kwenye kinyang'anyiro. Muuza magazeti alimwambia mama leo umependeza. Huyo akatolewa siku hiyo hiyo, eti mtu aliyejificha kwa ustadi vile hawezi kujitokeza kirahisi namna hii.

Nikiri kwenu kwamba nilifurahi. Nilikuwa nacheka mpaka wanafunzi wakadhani wameshaijua kazi.

Mwokaji upande wake hakuwa anacheka. Alikuja kunisubiri nje ya shule, kofia ya kuokea mkononi, akaniambia hajui mama amepatwa na nini. Juzi alitia sukari mara mbili na hamira hakutia kabisa. Mikate ilitoka kama vigae, na yeye anaimba. Amemwuliza kama anaumwa, akajibiwa kwamba wenye mioyo ndio wanaoumwa.

"Mwalimu," akaniambia, na jina hilo akilisema yeye huwa nasahau hata gia ya kwanza iko wapi, "naona mambo yetu tuyasogeze mbele kidogo. Siwezi kuoa huku mama yangu anapotea akili."

Hapo na mimi nikaacha kucheka.

Nikaenda kwa Baba Mdogo. Huyu ni mtu wa sheria za barabarani mpaka sebuleni. Ukikutana naye mlangoni lazima mmoja ampishe mwenzake kwa mujibu wa kanuni. Hajaoa tena tangu mama mdogo afariki. Nilimkuta ofisini akipanga vigari vya kufundishia kwenye ubao wa makutano, nikammwagia yote: huduma, Mkate na Mkate Wangu, hereni, manukato, ndoa iliyosogezwa. Nilitegemea anigombeze. Yeye alikuwa ameshika kigari chekundu, akakisahau mkononi.

"Na alifurahi?" akaniuliza.

Nikamwambia alifurahi hadi mtu unaona haya kumtazama. Kisha akasema nisimwambie kwanza, nimwache akapime, mengine yatapata njia. Akakiweka kile kigari katikati kabisa ya makutano, mahali ambapo ametukataza kusimama maisha yetu yote. Mimi kichwa kilikuwa kwenye shida zangu. Sikuona kitu.

Haikupita muda Bi Hamira akaniita. Alikuwa ameamua. Mtu akikuomba jambo la heri ukakaa kimya, akasema, atachoka na kwenda kuomba kwingine. Leo anakwenda kupima, na mimi nitamsindikiza kwa gari la shule.

Kosa langu lilikuwa kumkalisha mbele. Mimi nilishika usukani, yeye akakaa upande wa mwalimu, kwenye ile breki ya pili. Nikamwonya asiiguse, akasema hana haja nayo. Tukapita gereji, mwanamume mmoja akapunga mkono. Gari likasimama ghafla, paji la uso wangu likaenda kusalimiana na usukani.

"Yule nani?" akauliza.

Nikamwambia ni mtu anamwita mwenzake ng'ambo ya barabara. Tukaondoka. Kwa kinyozi, breki. Kwa fundi cherehani, breki. Magari nyuma yetu yakawa yanapiga honi kana kwamba tumebeba bibi harusi, naye akawa anayapungia. Kwenye kona ya benki alisimamisha gari kwa ajili ya askari wa barabarani. Askari akasogea, akatazama kibao cha shule juu ya paa, akanitazama mimi usukanini, akaniambia kwa upole nisivunjike moyo, hata yeye leseni aliipata kwa taabu.

Ualimu wangu wote uliishia kwenye kona ile.

Tulifika kituo cha afya tukiwa tunacheka, mbavu zinatuuma. Palikuwa na benchi refu, ukuta wa rangi ya maziwa na mlango wenye pazia. Nesi mmoja mrefu, mwenye sauti ya taratibu, akauliza nani amekuja kupima. Bi Hamira akasema wote wawili. Nikasema mimi nimesindikiza tu.

Akanigeukia. "Mwanangu, mimi wa umri huu nimepata mtu wa kuniambia nipime. Wewe unayeolewa unangoja uambiwe na nani?"

Hapakuwa na pa kupitia. Nikaingia wa kwanza. Kidole kikachomwa, tone la damu likawekwa kwenye kipimo, na nesi akanieleza mambo ambayo sikuyasikia kwa sababu moyo wangu ulikuwa unapiga honi. Nilimfikiria yule aliyeniacha na zile siku alizokuwa akirudi alfajiri. Nilimfikiria Mwokaji na unga kwenye kope. Nikaona kama namwona akiambiwa, akikunja kofia yake, akiondoka. Nesi akanigeuzia kipimo nikione mwenyewe, akanieleza: hakuna virusi. Nikamwomba aseme tena. Akasema tena.

Nilitoka mle mwepesi kama karatasi. Nikasalimia kila aliyekaa kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mzee mmoja akauliza kama nagombea uongozi.

Bi Hamira akaingia akirekebisha hereni zake. Nikakaa kumsubiri, na pale pale nikapanga. Akitoka nitamwambia. Majibu yangu mazuri, yake mazuri, ukweli utapita katikati bila kumgonga mtu.

Alikawia. Walioitwa baada yake chumba cha pili walitoka, wakaondoka. Nesi mrefu alitoka, akarudi na mwenzake. Nikajiambia wanapiga soga. Bi Hamira hashindwi kupata soga popote.

Alipotoka alikuwa ameshika mfuko mdogo wa karatasi. Akaketi kando yangu, tukawa tunatazama watu.

"Ninavyo," akasema.

Nilielewa, lakini nikamwuliza ana nini, kama mjinga. Akanieleza pole pole, kana kwamba mimi ndiye wa kubembelezwa. Walipima, wakarudia kwa kipimo kingine, majibu yakawa yale yale. Dawa anaanza leo, kidonge kila siku. Nesi amemwambia akizimeza vizuri, virusi vitashuka mpaka kipimo kishindwe kuviona, na vikikaa hivyo hawezi kumwambukiza hata mwenzake wa kitandani. Alipofika kwenye neno kitandani sauti ilikatika. Sikujua kama ni kilio au kicheko. Vilikuwa vyote viwili.

"Marehemu," akasema baadaye. "Kile kifua chake. Tulimpeleka kila mahali isipokuwa hapa."

Nikalia mimi. Yeye akanifuta machozi kwa kiganja chake kigumu, akaniambia nyamaza, watu watadhani ni wewe. Akasema angekaa navyo mpaka vimmalize, akidhani ni uchovu wa tanuri na uzee. Mwanawe atamwambia yeye mwenyewe, siku atakayoichagua, na mtu mwingine asithubutu kumtangulia. Kisha akanishika goti.

"Huyu mtu ameniokoa kabla sijamjua. Lazima nimpate nimwambie kwa mdomo wangu. Kama ni wa kukaa, akae. Kama ni wa kuondoka, aondoke akijua. Utanisaidia kumtafuta."

Sasa hebu niambieni mngefanyaje. Unamwambiaje mwanamke aliyetoka kupokea majibu yale kwamba hana mtu, kwamba hakuwahi kuwa na mtu, kwamba ni kidole cha mkwewe kiliteleza? Nikasema nitamsaidia.

Kurudi, hakukanyaga breki hata mara moja. Nilitamani akanyage.

Tulipoingia dukani tulimkuta Baba Mdogo. Amevaa suti nyeusi ambayo mara ya mwisho niliiona siku ya harusi yangu, na kidevu kinang'aa kwa kunyolewa. Amesimama mbele ya kaunta wima kabisa, kama anayesubiri taa ziwake kijani. Nikadhani kuna msiba. Nikataka kumwuliza nani, ndipo akili yangu ikaamka. Baba Mdogo hununua mkate hapa kila asubuhi. Na mkate humletea kiungulia. Miaka yote nimemwona akiwagawia wanafunzi, na miaka yote sikuwahi kujiuliza.

Alimsalimia Bi Hamira kwa heshima, akakohoa, akasema: "Ule ujumbe kwenye simu yako. Niliutuma mimi."

Nilimtazama mtu ambaye hajawahi kumdanganya hata askari. Hakunitazama.

Bi Hamira alishika ukingo wa kaunta. "Wewe," akasema. "Mwenye mkate wa asubuhi."

"Mimi."

Bi Hamira akaweka ule mfuko wa karatasi juu ya kaunta, katikati yao.

"Basi nimekusikiliza. Nimetoka kupima sasa hivi. Ninavyo virusi, na dawa naanza leo. Kama ulikuja kwa ajili ya mtu asiye navyo, mlango uko nyuma yako, na sitakuchukia."

Baba Mdogo hakugeuka kuutazama mlango. Alitafuta pa kukaa, akakosa, akakaa juu ya gunia la unga na suti yake nyeusi. Akasema yeye hajapima tangu afiwe na mkewe, alikuwa anaogopa. Akasema mtu hawezi kumtuma mwenzake mahali ambapo mwenyewe hajafika, na kama Bi Hamira hataona vibaya kumsindikiza, angependa waende kesho. Kisha akaongeza, macho yakiwa kwenye viatu vyake:

"Na majibu yangu yakiwa yoyote, keshokutwa nitakuja kununua mkate."

Bi Hamira akacheka. Kile kile kicheko cha nyuma ya duka, cha kujifunika mdomo. Nami nikapumua. Nikaona uongo wangu yatima umepata mlezi, na bora tu nikae kimya, wazee waoane, sisi tuoane, na tupumzike wote.

Lakini mtu mwenye furaha hupenda kusimuliwa furaha yake. Akamwuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, alikuwa wapi alipoutuma, na siku ile alikuwa anawaza nini.

"Nilikuwa ofisini," akasema Baba Mdogo. "Siku ya Ijumaa. Nilikuwa nakuwaza."

Ujumbe uliingia Jumanne. Nilikuwa nimemweleza kila kitu isipokuwa siku.

Kicheko kikapoa kidogo kidogo. Bi Hamira akamtazama Baba Mdogo bila hasira, kwa muda, kama anayeangalia kitu anachotaka kukikumbuka vizuri. Halafu macho yake yakahama taratibu, yakaja kutua kwangu.

"Huyu hajui kudanganya," akasema. "Kwa hilo tu anatosha. Wewe je, mkwe wangu? Ulikuwa unamtumia nani?"

Nyuma yetu trei iliwekwa juu ya meza. Mwokaji alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha tanuri, na sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Ujumbe gani?" akauliza.

Baba Mdogo akainuka, makalio ya suti yakiwa meupe pe. Siku nyingine ningekufa kwa kucheka. Bi Hamira akanitikisia kichwa niseme.

"Wa kukuomba ukapime virusi," nikamwambia. "Ulikuwa wako. Nilishindwa kukuambia usoni nikaupitisha kwenye simu, nikakosea namba. Ukamfikia mama."

Akamtazama mama yake, akautazama na ule mfuko wa kaunta. Bi Hamira hakumwacha aanze kukisia.

"Ukanifikia mimi, mwanangu, na nikaenda. Ninavyo. Nilitaka nikuambie tukiwa tumekaa, mimi na wewe, lakini mambo hayakunisubiri. Usimfokee mwenzako. Bila yeye nisingejua."

Nimefundisha watu wengi kusoma barabara, na nyuso pia nazisoma. Ule uso sikuweza. Alivua aproni iliyofunika shati lake jeupe, akaikunja, akaiweka juu ya kaunta karibu na dawa za mama yake. Akamshika mama yake bega, akaliminya. Mimi alinipita bila kunigusa. Akatoka, na mlango akauacha wazi.

Bi Hamira akanisukuma mgongoni kwa mikono yote miwili, nenda, unangoja nini, nenda. Nikatoka mbio hadi barabarani.

Mkono wa kushoto ni njia ya kituo cha afya. Mkono wa kulia ni stendi ya mabasi ya mbali. Ya kushoto ilikuwa tupu hadi kwenye kona. Ya kulia ilikuwa imejaa watu wanaokwenda zao, na mgongo mmoja kati ya kila miwili ulikuwa na shati jeupe.